Gia ya Pili

Jumamosi moja ya mwezi Juni nilishuka kwenye baiskeli katikati ya mpando, barabara ya Mpemba kwenda Isongole, nikaanza kuisukuma. Sikuwa nimepata pancha. Miguu tu ilikataa.

Barabara hiyo inaachana na barabara kuu pale Mpemba, karibu na Tunduma, inaingia Ileje na kuishia mpakani mwa Malawi. Ni kilomita 50 hivi. Tangu iwekwe lami imekuwa kimbilio langu kila nikirudi likizo, kwa sababu barabara kuu ya Tunduma ina foleni ya malori ya Zambia na Kongo ambayo haimwachii mwendesha baiskeli hata nusu mita ya kupumulia. Ileje hakuna foleni. Kuna milima.

Mbele yangu mwanamume wa makamo alikuwa anasukuma Phoenix yenye magunia mawili ya mkaa yaliyofungwa kwa mipira ya tyubu. Nyuma ya magunia niliona mikono miwili midogo: mvulana wa darasa la tano au la sita, kichwa ameinamisha, anasukuma kwa nguvu zake zote. Niliwafikia bila shida. Mzigo wangu ulikuwa mimi mwenyewe na chupa mbili za maji.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Kumbe hata hiyo ya gia inasukumwa?"

Mvulana akacheka. Nikacheka na mimi, lakini nilichomeka. Nina kofia ngumu, glavu, miwani, baiskeli yenye gia kumi na nane, halafu naingia kileleni kwa miguu pamoja na mkaa. Tulisindikizana hadi juu tukiongea bei ya mkaa Tunduma. Pale juu yule baba alitoa sarafu mfukoni, akampa mvulana, na mvulana akateremka mbio kurudi chini kumngoja mwenye mzigo mwingine.

Nilipofika nyumbani nilichukua daftari nikapiga hesabu, maana nilitaka kujua kama tatizo ni mimi au ni chuma.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua meno ya gia ya mbele, gawa kwa meno ya gia ya nyuma, zidisha kwa umbali ambao tairi linakwenda likizunguka mara moja. Kwenye baiskeli yangu umbali huo ni mita 2.1 hivi. Ni baiskeli ya mashindano ya zamani, mtumba, niliyoinunua Mbeya kwa fedha za kufundisha tuisheni. Mbele ina gia mbili, ya meno 52 na ya meno 39. Nyuma ndogo kabisa ina meno 12 na kubwa kabisa 25. Kwa hiyo gia yangu nyepesi kuliko zote, 39 kwa 25, inanisogeza mita 3.3 kila nikizungusha pedali duara zima. Kwenye mpando mkali mwendo wangu wa kweli ni kilomita 7 kwa saa, yaani mita 117 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 36 kwa dakika. Kwenye tambarare huwa nazungusha 80 bila kufikiri. Kwa 36 husemi unaendesha. Unapanda ngazi kwa mguu mmoja mmoja, kila ngazi na kilo zako zote.

Nikaenda nyuma ya nyumba kuhesabu meno ya Phoenix ya baba, ambayo bado imeegemea ukuta, haina tena mnyororo. 44 mbele, 18 nyuma, tairi za inchi 28. Kila duara, mita tano na nusu. Kwa mwendo uleule wa kwangu, mizunguko 21 kwa dakika. Nilihesabu mara mbili.

Watu wengi hudhani gia nyepesi inapunguza kazi. Haipunguzi. Kupandisha mwili wako kutoka bondeni hadi kileleni kunadai kazi ileile, uwe na gia moja au ishirini. Ni kama kupandisha matofali ghorofani: ukibeba kumi kumi au mawili mawili, ukuta ni uleule na matofali ni yaleyale. Kinachobadilika ni kama mgongo wako utafika jioni ukiwa mzima.

Fundi wa Mbeya alinieleza kwa simu kinachohitajika. Gia ya mbele haikuweza kushuka hadi meno 34 kwenye mkono wa pedali niliokuwa nao, matundu ya bolti hayaruhusu. Ilibidi kuununua mwingine wa 50 na 34. Nyuma, seti ya kuanzia meno 11 hadi 32. Kile kimkono cha nyuma kinachorusha mnyororo nacho kingebadilishwa kwa chenye mguu mrefu zaidi, na mnyororo mpya juu yake. Vyote vya mtumba, shilingi laki mbili na kumi. Gia nyepesi ingenipa mita 2.2 kwa kila duara, mizunguko 53 kwa dakika kwenye mpando uleule. Hapo mtu anapumua.

Kuna ushauri mmoja ambao ningempa yeyote anayetaka kuchagua gia za milimani: usichague ukiwa umekaa dukani asubuhi, umekunywa chai. Huyo wa dukani ana nguvu na ana majivuno, atakuambia 28 inatosha. Mchagulie yule wa saa nane mchana, kwenye mpando wa tatu, ambaye maji yamemwishia. Huyo ndiye atakayeitumia, na huyo hayupo dukani kujitetea.

Na nguo pia. Juni na Julai huku kwetu asubuhi ni baridi ya kweli, na hatari yake iko kwenye kushuka, si kupanda. Unapanda unatoka jasho, kisha unateremka dakika kumi upepo unakupiga kifuani ukiwa umelowa. Koti jepesi la kukinga upepo, linalokunjika likaingia mfukoni, lina maana kuliko baiskeli nyepesi. Glavu za vidole vizima, kwa sababu vidole vilivyokufa ganzi havishiki breki. Tairi za milimita 28 badala ya 23. Bukta yenye pedi ni lazima ukizidi saa mbili kitini, lakini bukta ile inabana, na mimi ni binti wa Tunduma ninayepita mbele ya akina mama wanaonijua tangu nabebwa. Juu yake navaa kaptula pana inayovuka magoti. Wanaume wanaoendesha Mbeya wananiambia kaptula inashika upepo. Upepo naweza kuuvumilia.

Hayo yote nilimweleza baba jioni, tumekaa kibarazani, kwa sababu aliuliza laki mbili na kumi inakwenda wapi. Nilidhani anauliza hesabu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasugua goti lake kama anavyofanya kila jua likizama, akasema:

"Sisi tulipanda na moja."

Mimi nikasema, "Ndiyo maana magoti yako yamekuwa hivyo."

Hakujibu. Aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani.

Baba alinunua ile Phoenix mwaka 1989, kwa fedha za kahawa. Kijiji chetu kiko milimani, na soko la mahindi liko Tunduma. Alikuwa anapeleka gunia moja, kilo mia, na kurudi na chumvi, sabuni na mafuta ya taa ya kuuza. Miaka kumi na tano hivi alifanya hivyo. Ada ya kaka zangu ilitoka kwenye keria ya baiskeli ile, na ya kwangu ya mwanzo pia. Sasa mimi niko shahada ya uzamili, nimejifunza kugawa 44 kwa 18, na matumizi ya kwanza ya elimu hiyo nyumbani kwetu yakawa kumwambia kwamba aliumia kwa kukosa meno kumi na manne.

Wala sikuwa na hakika kama nililosema ni kweli. Magoti ya watu wa zaidi ya miaka sitini huuma hata kwa waliofanya kazi ya kukaa. Lakini ukweli wa sentensi sio uliokuwa unanisumbua. Nilikuwa najiuliza hivi: kama mateso ya mtu yangeweza kuepukika kwa kipande cha chuma, je, ukisema hivyo unampunguzia kitu? Na ukinyamaza, ukakubali kwamba kupanda na gia moja kulimfanya mtu awe mtu, humdanganyi?

Mabishano haya yana zaidi ya miaka mia. Mwaka 1902, huko Ufaransa, mwanamke aitwaye Marthe Hesse aliendesha mbio ndefu ya milimani kwa baiskeli ya gia tatu akamshinda bingwa Édouard Fischer aliyekuwa na gia moja. Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la michezo la Paris, hakufurahi. Aliandika kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliovuka miaka arobaini na mitano. Kijana ashinde kwa misuli yake, si kwa mtambo. Mwaka uliofuata Desgrange huyohuyo alianzisha mbio za Tour de France, na muda wote alioziongoza hakuwaruhusu washindani wakuu kutumia kile kimkono cha kurusha mnyororo. Ruhusa ilikuja mwaka 1937, mtu mwingine akiwa ameshika uongozi.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilimwona Desgrange kama baba. Sasa naona niliwaonea wote wawili. Desgrange alikuwa anaweka sharti la mchezo. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu michezo, alieleza kwamba kucheza ni kujitwika kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima. Mpira ungekuwa rahisi zaidi kuubeba mkononi hadi golini, lakini hapo hakuna tena mpira. Kwa maana hiyo Desgrange alikuwa na haki: mtu anaweza kusema mlima huu tunaupanda na gia moja, kama anavyoweza kusema hakuna kushika kwa mkono. Wanaokubali watacheza.

Lakini mlima wa baba haukuwa na hiari. Gunia lilitakiwa sokoni. Asingelipeleka, kaka angerudishwa nyumbani kwa ada. Kumsifu mtu wa namna hiyo kwa kutotumia gia ni sawa na kumsifu mtu asiye na viatu kwa ugumu wa nyayo zake. Mwenye haki ya kukataa wepesi ni yule tu aliyewekewa wepesi mbele yake, na anaweza kuukataa kwa ajili yake mwenyewe peke yake. Ndiyo sababu hunichoma masikio kila nisikiapo msomi mwenye nafasi yake akisema vijana wa siku hizi wanasoma kwa intaneti, sisi tulisoma kwa kibatari. Kibatari hakukichagua. Angepewa taa angeiwasha usiku uleule.

Nilidhani nimefika. Niliandika kurasa mbili za namna hiyo, nikaziona nzuri.

Kesho yake asubuhi nilikuwa jikoni na mama tunachambua maharage. Nilimweleza nilichomwambia baba, nikitegemea anigombeze kwa utovu wa adabu. Alinigombeza, ndiyo, lakini kwa kifupi. Kisha akauliza:

"Amesema alipanda?"

"Alisema walipanda na gia moja."

Mama akacheka hadi akaweka ungo chini. "Nani aliyepanda? Na gunia? Baba yako alikuwa anashika usukani, anatembea. Mimi nipo nyuma nasukuma gunia, kaka yako yuko mgongoni. Ule mlima wa kutokea kijijini, hadi juu kabisa. Tukifika juu yeye anaendelea, mimi nageuka nakwenda shamba."

"Na milima ya mbele?"

"Walikuwa wanakwenda wawili wawili, yeye na jirani. Wanapandisha ya kwanza wote wawili, wanaiegesha, wanarudi chini kuchukua ya pili. Hakuna mtu anayepandisha gunia peke yake. Lingemrudisha chini."

Na kushuka? Kushuka ndiko kulikokuwa kubaya zaidi, akasema. Breki za fito haziwezi kilo mia, kwa hiyo hata mteremko baba aliutembea, amejiegemeza kinyume na mzigo. Hapo ndipo magoti yalipokwisha, kwa maoni ya mama. Gia isingemsaidia chochote.

Nilirudi kwenye daftari. Mwili wa baba wa wakati ule, kilo sabini, Phoenix, ishirini, gunia, mia. Jumla kilo 190. Kwa nguvu ninazotumia mimi nikiwa peke yangu kwa kilomita 7 kwa saa, mzigo ule ungekwenda kilomita 3 kwa saa. Kwa gia yangu mpya iliyo nyepesi kabisa hiyo ni mizunguko 22 kwa dakika, na kwa mwendo huo baiskeli yenye gunia haisimami wima. Angeshuka. Na 32 yake ya nyuma, angeshuka asukume.

Kisha nikaona neno ambalo nilikuwa nimelisikia vibaya. Baba alisema sisi. Sisi tulipanda na moja. Mimi, niliyezoea kupanda peke yangu Jumamosi asubuhi, nililisikia kama mimi. Nikamjibu kana kwamba anajivunia misuli, kama Desgrange, wakati huenda alikuwa anahesabu watu: mke, jirani, mtoto mgongoni. Na labda kilichomuuma kuhusu ile laki mbili na kumi si kwamba nanunua wepesi. Labda ni kwamba nanunua kitu ambacho kazi yake ni kunifanya nisimhitaji mtu nyuma yangu.

Nasema labda kwa sababu sikumuuliza, na kwa sababu sitaki kuupamba umaskini. Ni rahisi sana kwangu, nikiwa na koti la kukinga upepo, kusema kwamba gia zimetuondolea ujamaa. Wala si kweli kwamba mwenye gia yuko peke yake. Septemba 2025 niliangalia kwenye simu mashindano ya dunia ya baiskeli Kigali, ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5 zenye zaidi ya mita 5,000 za kupanda, na Tadej Pogačar wa Slovenia alizimaliza wa kwanza akiwa mbele peke yake. Lakini saa kadhaa kabla yake kulikuwa na wenzake waliokata upepo, na watu kando ya barabara walionyoosha mikono kumpa chupa. Jina moja ndilo linaloandikwa. Hata Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne kwa ule mtindo wake wa kuzungusha miguu haraka kwenye gia nyepesi, alipokuwa kijana Kenya alimfuata David Kinjah kule Kikuyu ili amfundishe.

Ili nisijidanganye nilimuuliza mama moja kwa moja. Kama siku zile mtu angemletea baba baiskeli yenye gia, ili yeye asiende kusukuma, angeona amepoteza kitu? Yale mazungumzo ya asubuhi, kufika juu pamoja?

Alinitazama kwa muda.

"Gia?" akasema. "Mimi nilikuwa nataka lori."

Basi. Wala sitaandika tena sentensi inayoanza na mshikamano wa wazee wetu mpaka kwanza nimemuuliza aliyekuwa nyuma ya gunia. Yule mvulana wa Ileje pia sikumuuliza chochote. Niliona mikono yake, nikaona sarafu, nikafurahi kwamba tumecheka wote. Ilikuwa Jumamosi. Nataka kuamini kwamba Jumatatu alikuwa darasani.

Vifaa vilifika kutoka Mbeya baada ya wiki moja, ndani ya mfuko wa sukari, kwa basi. Nilivifunga mwenyewe uani, na mikono ikawa myeusi kama ya yule baba wa mkaa. Mnyororo niliukata mrefu mno mara ya kwanza, ukaning'inia. Nikatoa pingili mbili. Baba alikuwa kibarazani anasikiliza redio. Hatukuwa tumeongea sana tangu siku ile, zaidi ya shikamoo na marahaba. Nilipogeuza baiskeli matairi yakae chini, alizima redio, akaja taratibu, akachuchumaa nusu, goti haliruhusu zaidi, akaanza kuhesabu meno ya gia kubwa ya nyuma kwa ncha ya kidole. Alihesabu kwa sauti. Alifika thelathini na mbili.

"Na hii, na gunia," akauliza, "mtu anapanda?"

Nilisema, "Baba, nisamehe nilivyokujibu siku ile."

"Nimekuuliza kuhusu gunia."

"Hapandi. Nimepiga hesabu. Hata na hii ungeshuka usukume, na ungehitaji mtu nyuma."

Alikaa kimya akizungusha pedali kwa mkono, akiangalia mnyororo unavyoruka kutoka gia hadi gia. Ulikuwa bado unakwaruza kwenye ya tatu.

"Kamwambie mama yako," akasema.